Safari ya Castlemoyle na Makaburi ya Kilcreevy

Dympna Tuohy alipochaguliwa nahodha wa chama cha gofu cha baa ya Lavelle, alicheka, akalia kidogo, akamwagia bia suruali ya Mossie Lavelle mwenye baa, na kabla hajakaa akatangaza kwamba mwaka huu tunakwenda Castlemoyle. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni yake. Nilimvuta sweta akae chini, akanipiga mkono na kuendelea kutangaza.

Niseme mapema kwamba simsifu Dympna ovyo. Tumekuwa majirani miaka arobaini na mmoja, na mtu uliyekaa naye hivyo unamjua hadi namna anavyofunga geti. Anaendesha basi la shule, kwa hiyo ana sauti ya kunyamazisha watoto hamsini hata anapokuomba chumvi. Kupika hajui. Akiwa na furaha hasikii la mtu. Alianza gofu akiwa na miaka hamsini na saba, mwezi mmoja baada ya kumzika mamake, kwa sababu mama mtu akiwa hai asingethubutu. Mama Tuohy alisema gofu ni kazi ya watu wasio na ng'ombe wa kukamua, na Mama Tuohy akishasema, nyumba nzima ilikuwa imesema.

Kwetu Kilcreevy nahodha hukaa mwaka mmoja, anampisha mwingine, na zamu hairudi kwake tena. Haki yake ni moja tu: kuchagua uwanja ambao chama kitakwenda kucheza wakati wa kiangazi. Mossie alipokuwa nahodha alitupeleka nyuma ya kiwanda cha saruji, kwa sababu shemeji yake anauza chipsi pale. Mwaka uliofuata tulipelekwa mahali ambapo ilibidi tuwasubiri kondoo wapite. Castlemoyle hakuna aliyewahi kuitaja. Ni shamba la zamani la mabwana wakubwa, lenye mialoni ya miaka mia tatu na majani yaliyonyolewa vizuri kuliko kichwa cha bwana harusi, na katikati yake kuna ziwa. Shimo la saba, mpira lazima uruke ziwa hilo. Ukishindwa, umezama.

Dympna alilijua shimo la saba kutokana na kalenda. Duka la vyakula vya mifugo lilitugawia kalenda wakati fulani, na ukurasa wa Julai ulikuwa na picha ya ziwa hilo asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji. Dympna aliitundika jikoni, ikafika Julai, na hapo ikaganda. Krismasi ilikuta Julai. Kwaresima ilikuta Julai. Nilimuuliza siku moja kwa nini hafunui.

"Agosti ni trekta," akasema.

Basi hiyo ndiyo kalenda aliyokuwa akiitazama alipopiga simu ofisi ya Castlemoyle, Machi, mimi nikiwa pale jikoni na kipande cha mkate mdomoni. Alikuwa amevaa viatu vya gofu ndani ya nyumba, ili kujipa moyo. Karani akamwambia Jumapili zote za kiangazi zimeshachukuliwa isipokuwa moja, tarehe ishirini Julai, watu ishirini na wanne, kuanzia saa sita na dakika kumi mchana.

"Ngoja niangalie," Dympna akasema, akaziba simu kwa kiganja. Akapitisha kidole kwenye picha, akashuka kwenye tarehe. Tarehe kumi na saba ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Makaburi, siku ambayo makaburi yetu hubarikiwa kila mwaka. "Makaburi ni kumi na saba," akaninong'oneza. "Ishirini haina kitu."

Nami nikatazama. Kweli haikuwa na kitu. Nikatikisa kichwa na mkate wangu, ishara ya ndiyo, na sehemu yangu ya lawama naichukua.

Alipokata simu alinishika mikono tukacheza dansi kuzunguka meza, wanawake wawili wa zaidi ya miaka sitini, mmoja na viatu vya misumari. Sakafu ile hadi leo ina alama. Halafu akakaa ghafla, akashika nyonga yake ya kushoto, akacheka huku anauma meno. Nyonga hiyo ilikuwa imepangiwa kubadilishwa Septemba, na daktari hakumwahidi kwamba ataweza kuzungusha fimbo tena.

"Hii ndiyo moja yangu, Carmel," akasema. "Uninyang'anye kila kitu, hii usinigusie."

Kuanzia siku ile hatukupumua. Watu ishirini na watatu waliandika majina yao chini ya la Dympna kwenye karatasi ukutani kwa Mossie. Castlemoyle hawataki suruali za jinzi, wala shati lisilo na kola, kwa hiyo Dympna alimkagua mmoja mmoja kama watoto wa basi lake. Mossie alikuwa na shati moja tu la kola, la mazishini, jeusi tii.

"Nitavaa hilo," Mossie akasema. "Nikipoteza mipira yangu yote nitakuwa nimeshavaa."

Dympna aliomba basi la shule kwa siku ile, akalipata, na tukafanya jaribio la kukaa. Wanaume wenye matumbo waliingia viti vya watoto wa darasa la kwanza, magoti yakiwa karibu na masikio, na Mossie alipotaka kutoka ilibidi tumvute watatu. Halafu kulikuwa na mazoezi ya ziwa. Dympna alihesabu hatua mia moja na thelathini katika malisho ya Mossie, akaweka pipa la kunyweshea ng'ombe kila upande, na katikati akatandika maturubai ya bluu. Kila Jumanne jioni tulisimama pale tukipiga mipira juu ya maturubai, ng'ombe wamejipanga kwenye uzio wakitutazama. Mimi nacheza vibaya. Nasema bila aibu, nacheza vibaya kuliko mtu yeyote katika kata yetu. Lakini Jumanne moja ya Mei mpira wangu ulipanda, ukakaa angani muda ambao sijawahi kuuona mpira wangu ukikaa, ukatua ng'ambo. Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha. Kesho yake nilikwenda mjini nikanunua suruali mpya ya rangi ya krimu.

Hivyo tulivyokuwa, kichwa kimetuzunguka, Jumapili ya mwisho ya Juni, Padri Loughnane aliposimama mimbarani kusoma matangazo. Alisoma bahati nasibu. Akasoma kilichopatikana na kilichopotea. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya usingizi, "Jumapili ya Makaburi itakuwa Jumapili ya tatu ya Julai kama miaka yote, ndiyo tarehe ishirini, saa tisa alasiri."

Dympna alikuwa benchi la mbele yangu. Nikaona shingo yake inabadilika rangi kuanzia kwenye kola kwenda juu.

Tulikwenda moja kwa moja hadi kwake. Akaibandua kalenda ukutani, akaisogeza karibu na dirisha, na pale pembeni, kwa herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa, ukasomeka mwaka. Ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Kwetu kila mtu anajua Jumapili ya tatu, hakuna anayejua tarehe, ndiyo maana watu ishirini na wanne waliandika majina na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kukaa kwenye ndoo. Dympna hakucheka.

Hakucheka kwa sababu Jumapili ya Makaburi kwetu hakuna mzaha. Padri anapita na maji ya baraka kaburi kwa kaburi, na kila kaburi lazima liwe na mtu wake amesimama. Watu hutoka Uingereza kwa ndege waje wasimame saa moja na nusu kwenye mvua. Kaburi likikosa mtu, maiti huyo ameaibishwa mbele ya majirani zake waliolala pande zote, na walio hai hawasahau. Akina Cribbin walikosa mwaka mmoja, zamani sana, kwa sababu ng'ombe wao alikuwa anazaa. Ng'ombe alishakufa, ndama alishakufa, na bado tunalisema.

Dympna alipiga simu Castlemoyle. Karani akamwambia hakuna Jumapili nyingine mpaka Oktoba, na kwamba kuna kundi la watu wa benki linaivizia ile ishirini, kwa hiyo athibitishe kufikia Ijumaa ama aiachie. Akaenda kwa Padri Loughnane, nami nikamfuata. Padri alikuwa anakunywa chai amesimama, maana siku hizi ana parokia tatu na hana muda wa kukaa.

"Saa tano niko Ballinree, saa saba niko Tobar, saa tisa niko kwenu," akasema. "Nikisogeza moja, zote zinaanguka. Mnakwenda wapi?"

"Castlemoyle, Padri."

Akaweka kikombe chini. "Castlemoyle," akasema. "Lile la ziwa?"

"Ndilo hilo, Padri."

"Nimekuwa padri miaka thelathini na minne, hakuna aliyewahi kunialika." Akakiinua tena kikombe. "Sitasogeza, Dympna. Lakini nikuambie kitu. Kanisa linanitaka nibariki kaburi. Halijaniagiza niulize aliyesimama pale ni mtoto wa nani."

Dympna alitoka pale polepole. Alikuwa anawaza, na Dympna akiwaza hupiga ulimi mdomoni. Siku ya Jumatatu, akiendesha basi, akasimama Drumgarve mbele ya duka la Fergal Moran, watoto wote wakiwa ndani, akashuka.

Hapa ni lazima nieleze kuhusu Drumgarve. Ni maili nne kutoka kwetu na hatuwapendi. Ni habari ya mpira, na ya kombe lililofichwa, na ya mwamuzi aliyekuwa binamu yao, na kama una jioni nzima nitakueleza. Mama Tuohy hakununua hata mayai ya Drumgarve. Lakini makaburi yao hubarikiwa Jumapili inayofuata ya kwetu, na Fergal Moran ndiye anayesikilizwa kule.

Alimwomba Fergal watu wake waje wasimame kwenye makaburi yetu, na Fergal alicheka dakika kumi. Watoto wa basi walihesabu. Alijishika kwenye mlango wa duka akacheka mpaka mkewe akatoka kuona kama ni moyo. Alipomaliza akafuta macho, akasema, "Na Jumapili yetu sisi, vijana wetu wana fainali mbali kule, na nusu ya kijiji inataka kwenda, na hakuna anayethubutu kulisema kwa wazee."

"Basi sisi tutasimama kwenu," Dympna akasema.

"Nyinyi? Kwenye makaburi yetu? Babangu atapindua jiwe."

"Na mamangu je, Fergal? Ananyamaza?"

Wakashikana mikono.

Alhamisi usiku Dympna alisimama mbele ya chama, baa imejaa, akawaeleza. Walimtazama kama mtu aliyeteleza kwenye barafu na bado hajajua kama ameumia. Mossie ndiye aliyezungumza wa kwanza.

"Unamaanisha mtu wa Drumgarve asimame kwa mama yangu?"

"Asimame, ainamishe kichwa, apokee maji ya baraka, arudi kwao."

"Aguse jiwe?"

"Asiguse kitu."

"Nataka mwanamke basi. Mama hakuwa na neno na wanawake wao, alikuwa na neno na wanaume."

Hapo ndipo vinywa vilipofunguka, na sijawahi kuona kikao kama kile. Kila mtu alianza kutoa masharti kwa niaba ya marehemu wake. Mmoja alitaka mtu mwenye koti, kwa sababu babake alidharau watu wasio na koti. Mmoja alitaka mtu yeyote asiyeimba. Ndugu wawili ambao hawajasemeshana tangu kugawana shamba walikubaliana, kupitia Mossie, juu ya mtu mmoja wa kuwasimamia wazazi wao, na wakaagiziana bia bila kutazamana. Dympna aliandika yote kwenye daftari, ulimi ukimtoka pembeni ya mdomo, mashavu yamemwiva. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanalaza vichwa mezani. Mzee mmoja alisema hajawahi kuwazungumzia wafu wake kwa raha kiasi kile tangu wafe, na naamini alisema kweli, kwa sababu mimi mwenyewe nilimzungumzia marehemu mume wangu Packie nusu saa nzima na sikuhitaji leso.

"Packie tumpe nani?" Dympna akaniuliza.

"Fergal mwenyewe," nikasema. "Alimfunga Packie magoli mawili mwaka wa sabini na tisa. Sasa asimame pale mvuani amfikirie."

Ijumaa asubuhi Dympna alithibitisha Castlemoyle. Wiki mbili zilizobaki alikuwa kama msichana. Alipaka rangi kucha, akafuta, akapaka tena. Alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kama mvua ikinyesha mpira huruka zaidi au pungufu. Nilimtukana nikakata, naye akapiga tena kucheka.

Jumamosi, mkesha wa safari, alinipa karatasi ya makundi nikaipige nakala kwa Mossie. Makundi sita, watu wanne wanne, saa ya kila kundi kuanza. Mashine ya Mossie huchelewa kupata moto, kwa hiyo nikawa nasoma majina huku nasubiri. Kundi la kwanza wanne. La pili wanne. Nilifika la mwisho, la kuanza saa saba kamili, na nikahesabu watatu. Mimi, Mossie, na mwalimu mkuu wa shule yetu. Nikahesabu tena toka mwanzo. Ishirini na watatu, na Dympna hayumo.

Nilivuka barabara na karatasi mkononi. Alikuwa sakafuni anapiga viatu dawa, viatu vya watu wengine, maana alijitolea kusafisha vya wote.

"Jina lako liko wapi?"

Hakuinua kichwa. "Mwalimu mkuu ataendesha basi. Ana leseni."

"Sikuuliza nani ataendesha basi."

"Carmel, unamjua mama," akasema. "Hakula yai lao miaka themanini na nane. Nimpelekee mtu mzima wa Drumgarve pale kando ya ukuta wa makaburi alipolala peke yake? Nililiandika jina la mtu mara nne, nikalifuta mara nne. Sina ndugu. Nusu ya kijiji inakwenda kucheza, nusu ina makaburi yake. Mtanipigia picha."

"Tangu lini unajua huendi?"

"Tangu ile Alhamisi."

Wiki mbili. Wiki mbili za kucha na simu za saa kumi na mbili, na alikuwa anajua. Nilikasirika kiasi kwamba nilikitupa kiatu cha Mossie nje ya dirisha. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenidanganya vizuri, na kwa sababu pale pale nilijua nitakachosema, na sikutaka kukisema. Nilikitaka kile kiwanja. Niliitaka ile suruali. Nilitaka kusimama mbele ya maji yale na kuona kama mpira wangu unaweza kukaa angani mara ya pili.

"Mamako alikula mkate wangu miaka thelathini," nikasema. "Kila Ijumaa. Hakusema asante hata siku moja."

"Alisema umezidisha magadi."

"Na kila Ijumaa sahani ilirudi tupu. Basi ananifahamu. Nitasimama mimi."

"Hapana."

"Kwenye kundi la mwisho, mahali pa Carmel Feeney, andika Dympna Tuohy."

"Ulinunua suruali, Carmel."

"Suruali haiozi."

Akaanza kulia, na Dympna akilia hulia kwa sauti ya basi zima. Nikamwambia aache, atawaharibia watu viatu. Nikamwambia goti langu linaniuma hata hivyo, uongo, goti langu ni zima. Nadhani alijua ni uongo. Alinikumbatia na brashi ya dawa ya viatu mkononi, na sweta langu la kijivu halikupona.

Jumapili ilitoka na jua, kitu ambacho kwetu hakitabiriki. Basi liliondoka saa nne, wanaume wamekunja magoti, Mossie na shati lake la mazishi, Dympna amekaa mbele kabisa ameshikilia fimbo zake mapajani kwa mikono miwili. Alinipungia mpaka basi lilipopinda. Nilirudi ndani nikakaa jikoni, nikajionea huruma kwa kiasi cha vikombe viwili vya chai. Kisha nikavaa ile suruali ya krimu, maana nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya siku hiyo na siku hiyo ilikuwa imefika.

Saa tisa makaburi yalikuwa yamejaa. Sijui niieleze vipi. Watu wa Drumgarve walikuwa wameingia getini kwa mstari, wamevaa nguo zao nzuri, kila mmoja na kikaratasi cha Dympna mkononi, wakitafuta majina kwenye mawe yetu. Wetu waliobaki waliwakazia macho. Kisha mwanamke mmoja wa kwao akaulizia kaburi la mama Mossie, mtu akamwonyesha, na mwanamke yule akatoa kitambaa kwenye mkoba akafuta uchafu wa ndege kwenye jiwe, na baada ya hapo macho yalilegea. Fergal Moran alisimama kwa Packie, amevua kofia. Nilimwona akizungumza peke yake. Mdomo wake ulikuwa unakwenda kama mtu anayejitetea.

Mimi nilikuwa ukutani na Mama Tuohy. Nilimweleza yaliyotokea asubuhi, nikamwambia nisingependa kuwa pale, nikamwambia magadi yangu hayakuzidi. Padri alianza rozari. Tulikuwa tumefika tendo la tatu, watu mia tatu wakiitikia, simu yangu ilipoanza kutetemeka kwenye mfuko wa suruali.

Niliichukua. Najua si adabu. Nilijikunja nyuma ya jiwe la Mama Tuohy nikaiweka sikioni.

"Carmel," Dympna akasema, anahema. "Niko la saba. Niko mbele ya maji."

"Piga basi," nikanong'ona. "Niko katikati ya Salamu Maria."

"Nimeshapiga. Nimepiga mitatu. Yote imezama, Carmel, yote mitatu, wa tatu umemkosa bata kidogo tu." Na akaanza kucheka. Kucheka kule sikuwahi kukusikia kwake, wala katika nyumba ile miaka yote, kunapanda, kunakatika, kunarudi. Nyuma yake nilimsikia Mossie naye anacheka, na upepo kwenye majani ya miti mikubwa. "Ni pazuri," akasema. "Ni pazuri mno. Siwezi hata kukueleza."

Niliinua kichwa. Rozari ilikuwa imesimama. Padri Loughnane alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameshika ndoo ya maji ya baraka, ananitazama, na nyuma yake watu mia tatu wa vijiji viwili.

"Amevuka?" akauliza.

"Hapana, Padri. Mitatu majini."

Akafumba macho kidogo, kama mtu aliyepata habari za msiba. Kisha akachovya, akarusha maji ya baraka juu ya kaburi, juu ya jiwe, juu ya suruali yangu, akaendelea na safari yake, na umati ukaipokea sala pale ilipokatikia.

Dympna bado alikuwa anacheka kwenye simu, hawezi kuacha. Nilitaka kumweleza mamake, lakini ningeanzia wapi, na mtu mwenyewe hakupenda maneno mengi. Nikaishusha simu chini kwenye majani, nikaiegemeza kwenye jiwe, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikasimama wima na mikono nyuma hadi alipomaliza kucheka.